Boti Iliyochaguliwa na Kanisa

Mwezi uliopita nilivua aproni yenye gundi kwa mara ya mwisho, nikakatiwa keki, nikasifiwa na watu ambao hawajawahi kunisalimia. Kabla sijatoka getini, vijana wa karakana waliniomba niwaandikie namna ya kuchagua boti ya kujazwa upepo itakayodumu mtoni. Walisema kampuni inataka kununua boti mpya na wao wamegawanyika: wengine wanataka ya bluu, wengine ya manjano. Niliwauliza kama kuna yeyote aliyeipindua akatazama sakafu yake. Wakaanza kubishana rangi upya. Ndiyo sababu naandika, na ndiyo sababu siandiki kwa upole.

Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini na nililipwa nini, aende ofisini akaulize. Mimi nitawaeleza kuhusu mpira, gundi, na mguu wa mtu anayeitwa Odongo.

Nilianza kazi hii miaka ya tisini ikiwa bado michanga. Kabla ya hapo nilikuwa nikipiga macho ya chuma, yale ya kupitishia kamba, kwenye maturubai ya malori katika kiwanda kimoja huko Baba Dogo, mpaka kiwanda kikafunga milango bila hata kutuaga. Nilikuwa nakaa Lucky Summer, chumba kimoja na watoto wangu wawili. Kila asubuhi nikienda kutafuta kibarua nilipita kando ya ua mmoja nyuma ya kanisa, na humo kulikuwa na mzee aliyekuwa akipaka sabuni kitu kikubwa cha kijivu, kama mtu anayeogesha ng'ombe. Siku moja nikasimama nikamwuliza ni nini hicho. Akasema ni boti. Nikamwuliza bahari iko wapi. Akanipa brashi ya pili na kunionyesha upande ambao hajaufikia.

Huyo ndiye Mzee Juma. Alikuwa mtu wa mtaa wa Ziwani, mzaliwa wa huko huko, na alikuwa ameziba tairi za malori kwa muda mrefu kabla Bwana Mutiso, mwenye kampuni, hajamleta kwetu. Kampuni yenyewe ilikuwa lori moja, boti kadhaa zilizochoka, na waongozaji waliowapeleka wageni mto Tana, upande wa Sagana, wakashuke kwenye maji ya kasi kwa raha zao. Majirani walituona tumerukwa na akili. Mama mmoja wa hapo plotini aliniuliza kama hao wageni walikosa daraja la kuvukia.

Ile sabuni haikuwa ya usafi. Boti ikijazwa upepo ukaipaka povu, penye tundu povu hutoa mapovu madogo yanayocheza, na hapo unaweka alama ya chaki. Siku yangu ya kwanza niliona kazi ni rahisi. Mzee Juma akanipa vipande viwili vya mpira nivigundishe, nami nikapaka gundi nene, nikashindilia, nikajipongeza moyoni. Kesho yake akaniambia nivute. Viliachana kirahisi kabisa.

"Umepaka siagi," akasema. "Hapa hatupiki chai."

Basi nikaanza upya. Unakwaruza mpira kwa msasa mpaka ung'avu wake uishe, unapangusa vumbi, unapaka gundi nyembamba sana, unangoja mpaka mgongo wa kidole ukigusa haunati. Unapaka tena, unangoja tena. Ndipo unakutanisha, unasukuma kwa rola kutoka katikati kwenda nje ili hewa isibaki chini. Siku ya mvua au ya ukungu wa Julai hugusi gundi hata mwenye boti akikulilia. Mzee Juma alikuwa akichungulia mbingu asubuhi, akinusa, kisha anasema leo tutafagia. Nyinyi mna hita na vipimo vya unyevu na bado mnagundisha siku ya mvua kwa sababu mteja amepiga simu. Nimeziona kazi zenu. Nyingine nimezibandua kwa mikono hii bila kutumia nguvu.

Sasa kuhusu kuchagua. Kuna boti za plastiki na kuna za mpira. Simchukii mtu wa plastiki; ni nyepesi, na ikiwa maungio yake yameyeyushwa vizuri itakufaa. Lakini ukiikunja na kuikunjua wiki hadi wiki, ikaanikwa kwenye jua letu hili la utosini, hukakamaa, na huanza kupasuka pale pale kwenye mikunjo. Mpira ni mzito, wabebaji watakulaani, lakini huzibika hata ukiwa chini ya mti na kopo la gundi. Tazama pia ndani. Tyubu ya boti imegawanywa vyumba ili kimoja kikipasuka vingine vishikilie. Toa upepo chumba kimoja tu, uache jirani yake amejaa, halafu tazama kama ukuta wa katikati unasukumwa kama kitambi. Ukiona kitambi, mrudishie muuzaji boti yake na umtakie siku njema.

Kitambi cha namna hiyo nilikiona mara ya kwanza kwa ujinga wa Bwana Mutiso. Alipenda boti isafirishwe juu ya lori ikiwa imejazwa tayari, ili watu wote wa barabara ya Outer Ring waione na jina la kampuni lisomeke. Asubuhi ya baridi waliijaza ikakaza kama ngoma. Kufika Sagana jua limeshapanda, upepo ndani umevimba, na ukuta wa katikati ukaachia. Bwana Mutiso alisema boti ilikuwa mbovu tangu kiwandani. Mzee Juma alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nilete msasa.

Aliyeniletea habari za mtoni kila Jumatatu ni Odongo, mkuu wa waongozaji. Alikuwa kijana wa Dandora, mrefu, mcheshi, aliyejifunza kuogelea kwenye machimbo ya mawe yaliyojaa maji ya mvua huku mama yake akimtafuta na kiboko. Wenzake walirudisha boti zikiwa na mchanga ndani, mchanga unaokula mpira usiku na mchana, wakazitupa na kwenda zao. Odongo peke yake aliziosha. Kisha anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kunieleza: hapa ilisugua jiwe, hapa nilisikia kama inapumua, hii kamba ya pembeni imeanza kuchoka. Alikuwa akiniongelesha kama mtu anayejua kwamba uhai wake uko mikononi mwangu. Na kweli ulikuwa. Ndiyo maana bado nina hasira.

Boti zetu za wakati huo zilikuwa na sakafu iliyogundishwa pande zote bila upenyo. Maji yakiingia hayana pa kutokea, yanatolewa kwa ndoo. Waongozaji waliziita makarai. Palipokuwa na maji madogo karai lilivumilika. Abiria wawili wanapiga ndoo, wengine wanapiga kasia, kila mtu anacheka. Lakini kulikuwa na sehemu ya chini ya mto ambayo Bwana Mutiso alitaka tuanze kuwapeleka wageni, na huko mawimbi yalifuatana bila nafasi ya kuvuta pumzi.

Na hapa lazima niwaeleze habari ya kanisa, maana bila hiyo mtadhani natunga.

Ua wetu ulikuwa wa kanisa. Kanisa lenyewe lilikuwa la mabati, limejaa watu wa kutoka magharibi kama mimi, wafanyakazi wa viwandani na wauza mboga, na mimi mwenyewe niliimba sauti ya pili kwenye kwaya yake. Lilikuwa kanisa la kubatiza kwa kuzamisha, si kwa kunyunyiza. Sasa mtu atazamishwa wapi Lucky Summer? Mto unaopita karibu na sisi mnaujua. Ukimzamisha mtu mle atatoka na mambo mengine zaidi ya wokovu. Hapo awali walikuwa wakikodi gari kwenda mbali. Mpaka siku moja Pasta Elisha, mchungaji wetu, akachungulia uani, akaona boti imejaa maji ya mvua, na watoto wa plotini wanaogelea ndani.

Kuanzia hapo, kila msimu wa ubatizo boti ilitolewa katikati ya ua, ikajazwa maji kwa mpira wa bomba, na mifereji ikiwa mikavu, kwa mitungi ya mkokoteni. Wanaobatizwa walivaa kanzu nyeupe, wakapanda juu ya tyubu kwa kusaidiwa, wakaingia. Sisi tunaimba. Sitawadanganya, ilikuwa inapendeza. Nilikuwa nalia kila mara, na baada ya ibada mimi ndiye niliyeikausha.

Basi boti yetu kubwa ikachoka. Nyuzi za ndani ya mpira zikaanza kuonekana, na zikionekana hizo hakuna gundi ya kukusaidia. Kampuni ingeweza kununua moja tu. Muuzaji mmoja akaja na lori, akashusha mbili uani tuchague. Zote za mpira mzuri, zote maungio safi, vyumba vya kutosha, vali unazoweza kuzibadilisha bila kupasua kitu. Mzee Juma na mimi tulizikagua asubuhi nzima tukakosa kasoro. Tofauti ilikuwa sakafu tu. Moja ilikuwa karai. Nyingine sakafu yake ilijazwa upepo kama godoro, ikafungwa kwa kamba kwenye tyubu, na pembeni kuzunguka pote ilikuwa na matundu. Sakafu inaelea juu kuliko maji ya mto, kwa hiyo wimbi likiingia linateremka lenyewe kupitia matundu. Hakuna ndoo. Boti inabaki nyepesi na inageuka unapotaka.

Odongo aliingia ndani ya ile yenye matundu, akarukaruka kama mtoto, akalala chali.

"Mdosi, hii ndiyo yenyewe," akamwambia Bwana Mutiso. "Na hii, zile wave za huko chini hazinitishi. Nipe hii tu."

Ilikuwa imekwisha hapo. Ilipaswa iwe imekwisha. Lakini Pasta Elisha alikuwa amekuja kuona, amesimama kando na Biblia kwapani, na akauliza swali kwa sauti ya upole kabisa.

"Sasa Bwana Mutiso, hii yenye matundu tutabatizia vipi?"

Watu wakacheka. Nilicheka pia, nikidhani ni utani. Kisha nikamwona Bwana Mutiso hacheki. Alikuwa anajikuna shingo, anatazama ukuta wa kanisa, anatazama ua, anatazama lori lake na vyombo vyake vyote vilivyokuwa juu ya ardhi ya watu wengine.

"Odongo," akasema, "si nyinyi mmetumia ndoo siku zote?"

"Siku zote tulikuwa kule juu penye maji madogo, mdosi. Huko chini hii karai ikijaa nitaisongesha aje? Hiyo ni tani ya maji. Inakuwa ni kama kusukuma nyumba."

Nikaingilia. Nilisema kanisa lichukue boti kuukuu. Haifai mtoni lakini kwa kushika maji uani nitaiziba mwenyewe, hata kila wiki. Niliona nimepata jibu. Pasta akanigeukia, na alichosema bado kinanichoma kwa sababu hakikuwa upuuzi.

"Dada Nekesa, wewe ni wetu. Watu wa Mungu wabatizwe kwenye kitu kilichotupwa, halafu wanaokuja kujifurahisha ndio wapewe kipya?"

Watu wa kanisa waliokuwa pale wakaguna kukubali. Mimi nikasema hao wa kujifurahisha wanaweza kufa na hakuna anayekufa ubatizoni. Mama mmoja wa kwaya akanivuta kitambaa, akaninong'oneza nisibishane na mtumishi. Nikamtazama Mzee Juma. Neno lake lilikuwa na uzito kwa Bwana Mutiso kuliko la mtu yeyote. Angesema tu, mambo yangenyooka. Mzee Juma aliinama akaanza kukunja kamba.

Nilimfuata nyuma ya kibanda cha vifaa nikamwuliza, "Mzee, mbona umenyamaza?"

"Mimi ni Mwislamu, binti yangu," akasema. "Nikisema boti ya ubatizo isinunuliwe, kesho mtaani itakuwa Juma amepinga ubatizo. Hilo si la kwangu."

"Si boti ya ubatizo. Ni boti."

"Najua," akasema. "Waambie wewe."

Nilikuwa nimeshawaambia. Karai likanunuliwa. Ile yenye matundu ikarudi kwenye lori la muuzaji, na Odongo akasaidia kuipakia, akaipigapiga kama mtu anayeaga farasi. Hakununa. Alisema atawafundisha wageni kutoa maji haraka. Mimi nilinuna kwa niaba yake, na tangu siku hiyo kwaya ikanikuta nimekaza uso.

Safari ya kwanza ya sehemu ile ya chini ilikuja baada ya mvua. Niliomba kwenda, nikakaa mbele ya lori na kopo langu la gundi na msasa, nikisema nataka kuona maungio yanavyofanya kazi. Ukweli ni kwamba nilikuwa na wasiwasi. Mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, na unaongea kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Waongozaji walikuwa wamelipa jina eneo lile gumu kabisa: Kwa Mama Mkwe, kwa sababu unaingia kwa heshima na hujui utatokaje. Nilisimama ukingoni chini yake, pamoja na mwongozaji mwingine aliyeshika kamba ya kurusha.

Waliingia vizuri. Odongo alikuwa nyuma na kasia lake, wageni wanapiga makasia kwa pamoja, jaketi zao za kuelea zimekaza, helmeti kichwani. Wimbi la kwanza likaijaza boti mpaka magotini. Wageni wawili wakaacha makasia wakaanza kutoa maji. Wimbi la pili likarudisha yote waliyotoa na ziada. Nilimwona Odongo akilala juu ya kasia kwa uzito wake wote, anajaribu kugeuza pua, na boti haimsikii. Ilikuwa imeshakuwa nyumba. Ikaenda ubavu ubavu, taratibu, taratibu kabisa, mpaka kwenye jiwe kubwa la katikati, na maji yakaikunja pale kama chapati.

Wageni walirushwa nje. Kamba ilirushwa, wakavutwa mmoja mmoja, wakitapika maji, wote wazima. Nikawahesabu kwa macho nikashukuru. Kisha nikaona helmeti ya Odongo bado iko pale pale kwenye jiwe. Mguu wake ulikuwa katikati, boti upande huu na jiwe upande ule, na mto wote unasukuma.

Sikilizeni vizuri nyinyi mnaouliza boti ya kudumu. Boti ile haikuchanika. Mbovu ingechanika, ikamwachia. Maungio yake yalikuwa safi, mpira wake imara, kila kitu tulichokikagua asubuhi ile kilishika kama kilivyopaswa kushika, na sakafu ilikuwa imebeba maji yote yale bila kupoteza tone. Nilikuwa nimesimama ukingoni nikiiombea boti niliyoikagua mwenyewe ipasuke.

Haikupasuka. Odongo alitoa kisu kwenye jaketi lake, akajivuta kwa mkono mmoja, akaichoma sakafu. Aliikata kwa nguvu, mkato mmoja mrefu, akapumzika akiwa amekunja uso, akakata wa pili. Maji yakapita. Boti ikalegea, ikateleza kutoka kwenye jiwe, na mto ukamleta kwetu akiwa ameishikilia. Tulipomtoa, goti lilikuwa linatazama pasipotazama magoti. Maneno yake ya kwanza kwangu yalikuwa, "Nekesa, nimekuharibia boti."

Mtu huyu alikata kwa kisu, mguu wake ukisagwa, matundu ambayo ile boti nyingine ilikuja nayo kutoka kiwandani. Nimeishi na jambo hilo tangu wakati huo na sijalizoea. Ilikuwa uani kwetu. Alilala chali ndani yake.

Madaktari waliuokoa mguu ila goti likabaki limekakamaa, na Odongo hakuongoza boti tena. Alikuja kuuza makaa Dandora, amekaa kwenye kiti, mguu umenyooka mbele yake. Na alipokuwa bado wodini, Pasta Elisha alikuja uani. Alimwombea Odongo kwa dhati, na hilo sitamnyima, machozi yalimtoka. Aliposema amina akapangusa uso, akaitazama boti iliyokuwa imeanikwa kwenye ukuta.

"Na boti, Dada Nekesa? Itakuwa tayari Jumapili?"

"Mguu wa Odongo hautakuwa tayari," nikamjibu.

Nikaingia kibandani kabla sijasema la kunitoa kanisani. Mzee Juma alikuwa humo, amesikia yote. Akachukua mikasi miwili mikubwa ya kukatia mpira, akanipa mmoja, akabaki na mwingine. Bwana Mutiso alikuwa ametoka hospitali asubuhi hiyo, sura imemshuka, na tulipomwambia tunachotaka kufanya alisema tufanye tu. Tuliitoa sakafu yote. Tukakata kwa kufuata tyubu, Mzee Juma upande wake na mimi wangu, mpaka tukakutana. Kisha nikafanya kazi niliyoifanya Baba Dogo kabla sijajua boti: nikapiga macho ya chuma kuzunguka pote, tukashona mfuko wa turubai nzito, tukaujaza tyubu za upepo, tukaufunga kwa kamba ndani. Sakafu ikaelea na maji yakatoka. Haikuwa nzuri kama ile ya muuzaji, lakini waongozaji waliokuja baada ya Odongo walishuka nayo Kwa Mama Mkwe wakatoka.

Nilingoja barua ya kanisa ya kutufukuza uani. Haikuja. Mwishowe nilimwuliza Pasta mwenyewe, na akashangaa kweli kweli.

"Kuwafukuza? Sijawahi kuwaza hivyo. Mimi niliuliza tu tutabatizia vipi. Bwana Mutiso angesema haiwezekani, tungekodi gari kama zamani."

Aliuliza tu. Na mwenye kampuni akaogopa jambo ambalo hakuna aliyelitamka, na mzee wangu akaogopa maneno ya mtaani, na kwaya ikaogopa kubishana na mtumishi, na mtu aliyestahili kuogopa hasa, aliyekuwa akienda kukaa ndani ya boti hiyo, ndiye peke yake tuliyemwambia atumie ndoo. Hebu niambieni nipoe vipi.

Ile sakafu tuliyoikata ilibaki kibandani imeviringishwa. Kanisa likachimba shimo karibu na ukuta, kubwa la kutosha mtu kuzamishwa, na Pasta akaja kuniuliza kama wanaweza kulitandika kwa ule mpira. Ulifaa, isipokuwa ile mikato miwili. Aliniomba niizibe.

"Nitaiziba," nikasema, "ukishaenda kumwomba Odongo. Yeye ndiye aliyeikata."

Akanitazama. "Nilidhani lilikuwa jiwe."

"Jiwe halikuweza, Pasta."

Alienda Dandora siku hiyo hiyo. Walichozungumza sikukisikia, ila Odongo aliniambia baadaye. Pasta alikaa kwenye gunia la makaa na suti yake, ndipo akauliza. Odongo akamwambia sawa, watu wabatizwe, yeye hana shida na Mungu. "Lakini mwambie Nekesa asizibe na grey," akasema. "Aweke rangi ionekane." Basi nikakata vipande vya mpira mwekundu, virefu kama mikato yenyewe, nikakwaruza, nikapaka gundi nyembamba, nikangoja, nikasukuma kwa rola. Ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Pasta Elisha alihamishwa. Akaja mwingine, kijana, hodari wa kuhubiri, ambaye hakumjua Odongo. Jumapili moja ya ubatizo, mimi nikiwa mstari wa mbele wa kwaya, aliwasimamisha waliovaa kanzu kando ya shimo, akawaonyesha ile mistari miwili myekundu chini ya maji. Akasema waitazame vizuri kabla hawajaingia, kwa sababu ni ishara ya damu ya Mwokozi iliyomwagika kwa ajili yao. Watu wakasema amina. Kwaya ikasema amina.

Nikatoka mstarini nikasema hapana, Pasta, hiyo ni mikato ya kisu cha Odongo wa Dandora. Aliikata akiwa amebanwa mguu mtoni, kwa sababu tulimnunulia boti ya kubatizia.

Hakuna aliyesema amina.